Ukimya wa Zabibu: Niliyojifunza Kuhusu Maumivu ya Paka Baada ya Kuondolewa Kizazi

Kwa siku mbili nzima baada ya kuondolewa kizazi, paka wangu Zabibu alikaa chini ya kitanda, na mimi nikawaambia wanangu kwamba anapona vizuri kwa sababu halii. Haya yalitokea mwaka 2018 hapa Walukuba, mtaa wa nyumba za zamani za wafanyakazi wa viwanda mjini Jinja, Uganda, ambako Kiswahili kimekuwa lugha ya uani na ya foleni ya maji tangu watu wa makabila mbalimbali walipokusanyika kutafuta kazi. Mtu asiyekufa upesi tunasema ana roho ya paka. Nilikuwa nimeusikia usemi huo tangu utotoni, na bila kujua nilikuwa nimeugeuza kuwa elimu ya uganga: niliamini kwamba paka akipasuliwa asubuhi, jioni ameshasahau.

Sababu ya kumpeleka ilikuwa ya kawaida. Zabibu alikuwa amezaa mara tatu mfululizo, na watoto wa uzao wa tatu walikosa wa kuwachukua. Baadaye nilikuja kuelewa kwamba hilo nalo lina uhusiano na mahali tunapoishi. Mwili wa paka jike huamshwa na urefu wa mchana, na katika nchi za mbali na ikweta, siku zinapokuwa fupi, majike wengi hupumzika kwa miezi kadhaa bila kutaka dume. Hapa Jinja, karibu kabisa na ikweta, mchana ni wa saa kumi na mbili mwaka mzima, kwa hiyo hakuna msimu wa mapumziko. Mimba yenyewe ni ya wiki tisa hivi. Mtu anayefuga jike mmoja katika nyumba ya vyumba viwili hahitaji hesabu nyingi kuona mwisho wa jambo hilo.

Nilimpeleka asubuhi ndani ya kikapu cha sokoni kilichofunikwa kwa leso, na jioni nikarudishiwa akiwa bado analewalewa kwa dawa ya usingizi. Niliambiwa nimrudishe baada ya siku kumi ili atolewe nyuzi. Hakuna aliyetaja maumivu, nami sikuuliza, na kwa hilo la kutouliza sina wa kumlaumu ila mimi mwenyewe. Katika upasuaji ule tumbo hupasuliwa, ovari zote mbili na mfuko wa uzazi hutolewa, kisha misuli na ngozi hushonwa. Dada yangu alipojifungua kwa upasuaji alipewa dawa za kutuliza maumivu kwa siku kadhaa, na tulimkataza hata kuinua ndoo ya maji. Mnyama wangu alipasuliwa tumbo vilevile, na mimi nilimwekea bakuli la maziwa nikaenda kusahihisha madaftari ya wanafunzi.

Nikikumbuka sasa, kila dalili ilikuwa mbele ya macho yangu. Zabibu hakuwa amelala chini ya kile kitanda. Alikuwa amekaa, amekunja miguu yote minne chini ya mwili, mgongo umeinuka, kichwa kimeshuka chini ya usawa wa mabega, macho yamefumbwa nusu kama mtu aliyekabiliwa na moshi wa kuni. Manyoya yake yalikuwa yamesimama bila mpangilio kwa sababu hakuwa amejilamba tangu arudi. Mukene, dagaa wetu wa ziwani ambao kwa kawaida alikuwa akiwasikia tangu mfuko unapofunguliwa, hakuwasogelea. Jambo lililonidanganya kuliko yote ni kwamba nilipomshika kichwani alianza kutoa ule mkoromo laini wa kooni ambao sote tunauhesabu kuwa ni furaha. Nilidhani ananishukuru. Paka hukoroma hivyo pia akiwa na maumivu au hofu, na mkoromo peke yake hauthibitishi kwamba yu mzima.

Asubuhi ya siku ya tatu binti yangu, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, ndiye aliyesema kwa ukali kidogo, “Mama, Zabibu anaumwa, na wewe unasema amelala.” Maneno yale yalinichoma, na kama afanyavyo mtu aliyechomwa, nikakimbilia kitendo cha kwanza kilichonijia. Nilitoa kwenye mkoba kidonge cha panadoli cha miligramu 500, nikakikata robo, nikaisaga robo hiyo kwa kijiko. Nilijiona mwangalifu sana kwa kumpa robo tu.

Kilichomwokoa ni kwamba sikujua namna ya kumnywesha. Mchuuzi wetu wa maziwa alikuwa na namba ya daktari wa mifugo aliyekuwa akitibu ng'ombe wake, nami nikampigia kuuliza kama unga ule unachanganywa na maji au maziwa. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, “Mwalimu, hiyo dawa iweke chini kwanza. Kisha unawe mikono, halafu tuzungumze.”

Alinieleza kwa subira jambo ambalo nadhani kila mwenye paka katika nchi hii angepaswa kulijua kabla hata ya kumpa paka jina. Ini la binadamu lina vimeng'enya vinavyoifunga parasetamoli, yaani dawa iliyomo kwenye panadoli, na kuitoa mwilini salama. Ini la paka lina upungufu mkubwa wa vimeng'enya hivyo, kwa hiyo dawa hugeuka sumu inayoziharibu chembe nyekundu za damu hadi zinashindwa kubeba oksijeni. Fizi hubadilika rangi kuwa za kahawia au za buluu, uso na nyayo huvimba, pumzi inakuwa ya shida, na kifo kinaweza kuja haraka. Kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima, na ile robo yangu ya miligramu 125, kwa mnyama asiyefika kilo tatu, ilikuwa tayari ni sumu. Hakuna kipimo cha parasetamoli kilicho salama kwa paka. Ikiwa mtu ameshampa, asingoje dalili zitokee. Amkimbize kwa daktari wakati huohuo, kwa sababu tiba ipo lakini inategemea kuwahi. Dawa nyingine za nyumbani kwetu, ibuprofeni na diklofenaki, nazo ni hatari kwake, kwa tumbo na kwa figo.

Niliuliza swali ambalo nafikiri ni halali: basi, mnyama wa namna hii anatibiwa kwa nini? Jibu lake lilikuwa kwamba dawa za paka zipo, ila zina vipimo vyao, nami nimlete. Mchana ule alimpima, akahakikisha kidonda hakijafunguka wala tumbo halina tatizo jingine, akamchoma sindano. Jioni, kabla ya swala ya magharibi, Zabibu alitoka chini ya kitanda, akajinyosha kwa tahadhari, akala nusu ya samaki aliowekewa, kisha akaanza kujilamba mkono wa mbele. Nilimtazama nikiwa nimeshika kitambaa cha vyombo. Mwanangu hakusema neno lolote, na angesema ningestahili.

Tangu siku ile nilianza kuwasoma paka kwa namna nyingine. Paka ni mwindaji, lakini kwa udogo wake ni windo pia, na mnyama anayewindwa haoneshi udhaifu wake hadharani. Mbwa akiumia mtaa mzima unajua. Paka hunyamaza, hujificha, huacha kufanya mambo aliyokuwa akiyafanya, na kazi ya mwenye paka ni kuona kile kilichokoma. Je, bado anajilamba? Anaruka kwenye kiti chake? Akilala anajinyosha ubavu, au anakaa amejikunja kama anayelinda tumbo? Akiguswa karibu na mshono anageuka, anakaza misuli, au anakwepa kabla hata mkono haujafika?

Mwaka 2019, mwaka mmoja baada ya mkasa wangu, watafiti wa Université de Montréal nchini Kanada walichapisha kipimo cha kutambua maumivu ya paka kwa kuutazama uso wake, na ninakitaja hapa kwa sababu hakihitaji mashine yoyote. Hutazamwa mambo matano: masikio, kama yamesimama yakielekea mbele au yamefunguka na kugeukia kando, macho, kama yako wazi au yamebanwa, pua na mdomo, kama vina umbo la duara lililolegea au vimekazika kama yai lililolala, sharubu, kama zimelegea na kupinda au zimenyooka mbele kwa ukakamavu, na kichwa, kama kiko juu ya mstari wa mabega au kimeshuka. Kila jambo hupewa alama kuanzia 0 hadi 2, na jumla ikifika 4 kati ya 10 ni wakati wa kufikiria kumwongezea dawa ya maumivu. Sharti ni kumtazama kwa nusu dakika akiwa macho na ametulia, si akiwa usingizini, anakula, au anajilamba. Ningekuwa na kipimo hicho mwaka 2018, Zabibu angepata alama ambazo hata mwanafunzi wangu mvivu asingezikosa kuzihesabu.

Niliyatumia haya kwa paka wa pili, Tende, aliyepasuliwa mwaka 2023 akiwa na miezi sita na uzito wa kilo 2.8. Safari hii nilimwendea daktari yuleyule wa simu, na kabla ya kukubaliana siku niliuliza maswali yangu bila aibu: atapewa dawa gani ya maumivu kabla ya kisu, gani wakati wa upasuaji, na gani ya kwenda nayo nyumbani? Wapo wanaoogopa kuuliza hivyo wakidhani watamuudhi daktari. Wangu alionekana kufurahi.

Alinieleza kwamba dawa ya usingizi na dawa ya maumivu ni vitu viwili. Mnyama aliyelazwa kwa nusukaputi hahisi kisu, lakini neva zake zinaendelea kupeleka habari kwenye uti wa mgongo, na habari hizo zikipelekwa kwa wingi bila kizuizi, uti wa mgongo huzoea kupiga kelele. Mnyama akiamka anaumia kuliko kidonda chenyewe kinavyostahili. Ndiyo maana dawa ya kutuliza inayotolewa kabla ya kukata hufanya kazi kubwa kuliko ileile ikitolewa baada ya maumivu kukomaa. Ketamini, inayotumika sana kulaza wanyama, hutuliza maumivu kwa kiasi chake, lakini nguvu yake huisha mapema, na hapo ndipo wengi wetu tunaporudishiwa paka na kumpeleka nyumbani bila dawa yoyote ya maumivu. Kwa Tende aliongeza sindano ya jamii ya afyuni kabla ya kuanza, kisha akatia ganzi ya lidokeini, kwa kipimo kilichohesabiwa kwa uzito, kwenye mstari wa kukata na kwenye kano zinazoshikilia ovari. Aliniambia kwamba kuvutwa kwa kano hizo ndiyo sehemu yenye maumivu makali kuliko zote, hata kuliko kule kupasua ngozi ambako sisi tusio madaktari ndiko tunakokuogopa.

Dawa ya kwenda nayo nyumbani ilikuwa meloksikamu ya maji, kuanzia siku ya pili, mara moja kwa siku, pamoja na chakula, kwa siku chache tu alizoziandika kwenye karatasi. Hapa naomba msomaji avumilie hesabu zangu, kwa kuwa ndizo zilizonitia hofu. Kipimo alichoandikiwa Tende kilikuwa miligramu 0.05 kwa kila kilo, yaani miligramu 0.14 kwa mwili wake wote. Dawa ya paka ina miligramu 0.5 kwa kila mililita, kwa hiyo alihitaji takriban mililita 0.28, kiasi kisichojaza hata ncha ya kijiko cha chai. Dawa ya mbwa yenye jina lilelile na rangi inayofanana ina miligramu 1.5 kwa kila mililita. Mtu akiichukua hiyo kwa makosa na kuipima kwa bomba la sindano lilelile, amempa paka mara tatu. Nayo meloksikamu ya binadamu, inayouzwa kwa wenye kuumwa viungo, kidonge chake kidogo kina miligramu 7.5, ambayo ni zaidi ya mara hamsini ya kile Tende alichohitaji. Dawa hii ikizidi, au akipewa paka asiyekunywa maji, aliyeishiwa damu au mwenye figo dhaifu, huziumiza figo zenyewe. Kwa hiyo tarakimu hizi nimeziandika ili ionekane jinsi nafasi ya kukosea ilivyo nyembamba, na si ili mtu ajipimie. Kipimo cha paka wako kitoke kwa daktari aliyemgusa.

Kukosea kwenyewe nilikosea, ingawa kwa namna nyingine. Siku ya pili Tende alitema sehemu ya dawa, ikamwagikia leso yangu, na sikujua amemeza kiasi gani. Mkono wangu ulikuwa tayari unaelekea kwenye chupa. Nikampigia daktari kwanza, akanikataza kurudia: tone lisilojulikana likiongezwa juu ya tone lisilojulikana si tiba. Aliniomba nimtazame uso na kumletea habari baada ya saa mbili. Alama zake nilizihesabu tatu, akawa anakula, tukaacha ipite hadi kesho yake. Kuanzia hapo nilimimina dawa juu ya kipande kidogo cha samaki na kungoja akimalize chote ndipo nimpe chakula kingine.

Uuguzi wenyewe haukuwa na makuu. Usiku wa kwanza nilimlaza kwenye katoni sakafuni, ndani ya chumba chenye giza na utulivu, kwa sababu paka anayezinduka hupepesuka na anaweza kuanguka kutoka kwenye kiti. Mboni zake zilikuwa zimetanuka sana, jambo ambalo dawa hizo husababisha, na mwanga wa taa ungemsumbua. Nilimfunika kwa blanketi jepesi, maana mwili wake hupoa baada ya nusukaputi, na chupa ya maji ya moto niliyomwekea niliizungushia taulo, kwani mnyama aliyelewa dawa hawezi kujiondoa penye joto linalomuunguza. Kwenye sanduku lake la haja nilitoa mchanga nikaweka vipande vya karatasi ili kidonda kisiingie vumbi. Mukene nilimchemshia bila chumvi, nikampa kidogokidogo kikiwa cha uvuguvugu, kwa sababu harufu ndiyo inayomwamsha paka hamu ya kula.

Ile kola ya plastiki yenye umbo la koni aliichukia kiasi cha kutembea kinyumenyume hadi ukutani. Nilikata mkono wa sweta ya zamani ya mume wangu, nikatoboa matundu manne ya miguu, nikamvisha kama fulana. Mume wangu hajanisamehe, ila mshono haukulambwa.

Kuna mambo ambayo hayasubiri dawa ya maumivu kufanya kazi, na daktari alinitaka niyajue kwa moyo: fizi kuwa nyeupe, tumbo kuvimba, damu au usaha kutoka kwenye mshono, kutapika mara kwa mara, choo cheusi kama lami, au kulegea kunakozidi badala ya kupungua. Kukataa chakula nako si jambo la kusema “atakula akisikia njaa.” Paka akikaa siku mbili tatu bila kula, mafuta ya mwili huanza kujazana kwenye ini, na hapo ugonjwa wa pili huzaliwa juu ya wa kwanza. Kwa Tende niliambiwa nisivushe siku moja kabla ya kupiga simu. Haikuhitajika.

Gharama ya dawa zake zote za maumivu, pamoja na ile ganzi, haikufika bei ya gunia la mkaa. Nasema hivyo kwa sababu jirani mmoja aliniambia kwamba hayo ni mambo ya watu wenye pesa, na mwaka 2018 huenda nami ningemuunga mkono.

Siku ya tano, nilipokuwa nikimenya ndizi uani, nilisikia kishindo dirishani. Tende alikuwa amepanda pale juu na fulana yake ya sweta, mkia umesimama, masikio mbele, akiuangalia mfuko wa mukene. Alikuwa haruhusiwi kuruka mpaka nyuzi zitolewe. Nilimshusha kwa mikono miwili, nikahesabu alama za uso wake kwa mazoea, zikawa sifuri, nikamfungia chumbani. Akalia kwa sauti hadi majirani wakauliza kuna nini.